Daftari la Magoli

Ndugu msomaji, mimi mpira sijui kuucheza. Naliweka wazi mapema usije ukafika katikati ukangoja nifunge goli. Miguu yangu ni ya kwendea sokoni na kurudi. Lakini msimu mzima wa mwaka 2024 nilikaa pembeni ya uwanja wa mchanga hapa Ujiji, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na kaunta buku mapajani, nikiandika kila goli lililofungwa na wasichana wa timu yetu. Nilichokiandika humo ndicho kinachonifanya nishike kalamu tena leo.

Ilianza hivi. Jioni moja ya mwezi Machi kocha alikuja nyumbani kumwomba shangazi ruhusa ya kumchezesha binti yake. Kocha mwenyewe siku za kazi ni dereva wa bodaboda, basi hata siku hiyo aliingia uani na kofia ya pikipiki mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Shangazi alikuwa akichambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Netiboli nimecheza mimi mwenyewe shuleni," alisema. "Sikuvunjika mguu, wala sikuvaa bukta mbele ya watu wazima. Huu mpira wenu wa miguu una faida gani kwa mtoto wa kike?"

"Mama, siku hizi unalipa."

"Unamlipa nani? Nionyeshe mmoja wa hapa Ujiji."

Kocha akakwama kidogo, kisha akakaa juu ya kinu na kuanza kueleza. Akamwambia kwamba ligi kuu ya wanawake ilipoanza nchini, msimu wa 2016/17, Kigoma nayo ilikuwa na timu yake humo, Sisterz, japo ubingwa ulikwenda kwa Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. Akamwambia kwamba mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika wakamaliza wa nne. Akamtaja Aisha Masaka, aliyetoka Yanga Princess mwaka huo huo wa 2022 akaenda kuchezea BK Häcken ya Sweden. Shangazi akasikiliza yote. Mwisho akauliza, "Huko Sweden kuna baridi?"

"Sana, mama."

"Basi akienda atachukua blanketi la kwake, la kwangu aniachie."

Tukacheka, na hiyo ndiyo ikawa ruhusa. Wakati anatoka, kocha akaniona kwenye kibaraza na madaftari yangu. "Na huyu?" "Huyu ni mwandishi," shangazi akamjibu, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema huyu ana malaria. Ni kweli, tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa naandika riwaya. Ilikuwa imekwama sura ya nne, shujaa wangu yuko ndani ya mtumbwi usiku katikati ya ziwa, anavuka kwenda Kongo, na mimi sijui akifika afanye nini. Kocha akasema, "Timu haina katibu. Andika na sisi."

Ligi yenyewe, msomaji wangu, usiikuze kichwani. Timu saba za mitaa, nyumbani na ugenini, kila Jumamosi panapopatikana uwanja. Zawadi mbuzi mmoja na jezi. Lakini kwa wasichana wale ilikuwa mlango. Walijua kwamba makocha wa timu za ligi kuu na za daraja la kwanza huuliza: yupo nani huko mikoani, kafunga mangapi? Na Kigoma ni mwisho wa reli. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa treni ni zaidi ya kilometa 1,200. Hakuna kocha atakayepanda treni kuja kukaa Jumamosi kumi na mbili kwenye mchanga wetu. Atauliza kwa simu, au atapita kwa shughuli nyingine, na hapo atataka kuona kitu kilichoandikwa.

Kazi niliipenda. Nilichora mistari kwa rula: tarehe, timu, mfungaji, dakika, kadi, na nyuma ya daftari michango ya maji na bandeji. Ila mstari wa "mfungaji" ulikuwa mwembamba mno kwa mtu kama mimi. Nikaanza kuongeza maneno pembeni. "Kwa shuti la mbali, kipa akiwa ameduwaa." "Mvua ikinyesha." Wasichana walikuwa wakinijia baada ya mechi, jasho linawatiririka, "Dada Katibu, tusomee!" Nikiwasomea wanapiga makofi. Hakuna kitu kilichowahi kunilevya kama yale makofi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Jumamosi ya tarehe 11 Mei ilikuwa ya mwisho kabla ziwa halijafungwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na makubaliano ya kulipumzisha yalikuwa ya wote. Mji ulikuwa umeingiwa na ukimya wa ajabu. Wavuvi waliozoea kulala mchana baada ya kukesha na taa ziwani, siku ile walikuwa macho, wanazunguka hawajui pa kuweka mikono yao. Baadhi wakaja uwanjani. Mmoja wao alikuwa baba wa namba 9, nahodha wetu. Hakuwahi kumwona binti yake akicheza hata siku moja.

Dakika za mwisho, bao moja kwa moja. Kona ikapigwa kutoka upande wa kulia. Wakaruka wawili, namba 9 na namba 11, yaani binti wa shangazi. Mpira ukagonga kichwa cha namba 11 ukaingia. Niliona. Nilikuwa hatua kumi tu. Lakini wote wakaangukiana, na yule baba akaingia uwanjani akikimbia na kandambili moja, akamnyanyua binti yake juu, na mimi nikaona sura nzima ya riwaya imesimama mbele yangu. Kalamu ikaandika: "Namba 9, kwa kichwa, baba yake akishuhudia kwa mara ya kwanza, siku nne kabla ziwa kufungwa."

Niliposoma jioni walipiga makofi kuliko siku zote. Namba 9 alikuwa hayupo, alishaondoka na baba yake. Namba 11 naye alipiga makofi.

La pili lilikuwa dogo zaidi na la kipuuzi zaidi. Mwezi Juni namba 11 alipiga shuti likawa linaingia, beki wa wenzetu akateleza, akauparaza mpira kwa kisigino, akakalia tope. Ilichekesha. Nikaandika "amejifunga" kwa sababu nilitaka kulieleza lile anguko, na nikalieleza kwa mistari minne.

Miezi ile mitatu ilikuwa migumu. Shangazi alikuwa amezoea kupanda daladala alfajiri kwenda Kibirizi kununua dagaa wabichi na kuwaanika. Sasa akawa anauza mawese kwa vipimo vidogo vidogo. Mgebuka ukapotea mezani. Mchango wa maji ukapungua, kisha ukakoma, na kwenye daftari langu kurasa za nyuma zikabaki na majina bila tarakimu. Wasichana walikuja mazoezini na njaa. Kocha akafupisha mazoezi bila kusema sababu. Hata hivyo hawakukosa mechi hata moja, na tulimaliza wa tatu. Mbuzi tuliwaona wenzetu wanamla.

Ziwa likafunguliwa Agosti. Mwaka huo huo tukasikia Masaka amesajiliwa Brighton ya Uingereza, na kocha akapita nyumba hadi nyumba kutangaza kama vile kamzaa yeye. Wiki chache baadaye akaja mgeni. Alikuwa mtu wa benchi la timu mojawapo ya ligi ya wanawake, jina lake naliacha. Alikuwa amefika Kigoma msibani. Alitazama mazoezi nusu saa, akasema amependezwa na wawili, 9 na 11, ila ana nauli ya mmoja tu wa kwenda kujaribiwa. Kisha akauliza kama kuna kumbukumbu.

Nikamletea daftari kwa mikono miwili.

Alifungua taratibu. "Umeandika wewe? Mwandiko safi." Nikajisikia kuruka. Akapitisha kidole kurasa moja moja, akihesabu kimoyomoyo. Akafunga. "Tisa ana magoli manane. Kumi na moja matano." Akamgeukia kocha. "Nitakwenda na tisa."

Hesabu ya kweli ilikuwa saba kwa saba. Mimi peke yangu pale ndiye niliyeijua, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa na muda wa kusema. Alikunywa soda nzima pale. Lakini kusema kungekuwa kumwambia mtu aliyetoka kunisifu kwamba daftari langu ni la uongo. Nikanyamaza mpaka pikipiki ikamchukua.

Msomaji, wewe nawe huenda unaandika, ndiyo maana unasoma jarida hili. Hapa Ujiji tuna makumbusho, penye mwembe wa Livingstone, na kila mtoto wa shule hupelekwa kuambiwa alichosema Stanley walipokutana mwaka 1871. Waliochunguza shajara ya Stanley walikuta kurasa za mkutano ule zimechanwa. Zamani niliposikia hivyo nilicheka. Au chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 2021, Simba na Yanga, hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika. Muulize mtu yeyote wa mjini nani alifunga lile goli moja. Taddeo Lwanga, kwa kichwa! Hata asiyekuwapo anajua. Kwa wakubwa kuna kamera. Kwa namba 11 palikuwa na mimi.

Usiku ule nilimwambia. Tulikuwa tumelala mkeka mmoja, taa imezimwa, maana kwa taa nisingeweza. Nilieleza lote, la kona na la kisigino. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani amelala.

"Nilisoma siku ile ile," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilifikiri labda wewe uliona vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa nje." Akajigeuza ukutani. "Na ilikuwa imeandikwa vizuri."

Sikulala. Asubuhi nilikwenda kijiweni kwa kocha nikamwambia na yeye. Hakunigombeza. Alimpigia yule bwana mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika. Yule bwana akasema amesikia, ila nauli imeshakatwa, msimu ujao tuone kama bado anacheza. Namba 9 alisafiri Jumapili. Alipata nafasi, mara nyingi bado anakaa benchi, anatupigia, anamsalimu kila mtu kwa jina. Hana kosa lolote, na goli lile hajawahi kudai ni lake. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kama ningeandika sawa, angechukuliwa nani? Saba kwa saba, pengine bado angechukuliwa nahodha. Namba 11 hajanisaidia hata kidogo katika swali hilo. Haulizi.

Aliyebaki ni shangazi. Nilimkuta Kibirizi akigeuza dagaa kwenye kichanja, kanga kichwani, jua kali. Nikaamkia shikamoo nikasimama. Akaitikia, akaendelea kugeuza.

"Yule mgeni hakumchukua mwanangu."

"Hakumchukua, shangazi."

"Kitabu chako kinasema mangapi?"

"Matano. Lakini ni saba. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaacha kugeuza. "Mimi nilihesabu sita," akasema. "Lakini ipo Jumamosi moja sikuja."

Nilimtazama. Kumbe Jumamosi zote zile, tulipomdhania yupo sokoni, alikuwa amesimama nyuma ya miembe na beseni lake, bukta au si bukta, anahesabu kwa vidole. Hakuniambia neno jingine. Alinipa kichanja cha pili nigeuze, na nikageuza mpaka mchana.

Daftari sikulichana. Nimekata kwa wino mistari ile miwili na kuandika juu yake kilichotokea, bila mvua na bila baba. La msimu wa 2025 nililianza na mistari ile ile ya rula, ila sasa nakaa na binti mdogo wa kidato cha pili ambaye kazi yake ni kutazama tu. Mechi ya kwanza, dakika ya ishirini hivi, lilitokea piga nikupige langoni na mpira ukaingia. Sikuandika. Nilisimama juu ya ndoo nikapaza sauti, "Nani?"

Wachezaji watatu wakanyoosha mikono. Namba 11 alikuwa mbali kabisa, karibu na kibendera cha kona, amejishika kiuno anacheka.

"Si mimi!" akaniitia. "Hilo usinipe!"