Pete Yenye Pembe Nne

Wanafunzi wenzangu, neno la Kiingereza 'ring' ni pete, lakini halikuishia kidoleni. Mlio wa kengele pia ni 'ring', ingawa kwa asili hilo ni neno jingine kabisa. Hata ulingo wa ndondi, wenye pembe nne! Zamani watazamaji waliwazunguka wapiganaji kwa duara. Kanuni za London za mwaka 1838 ziliagiza mraba wa futi 24 kila upande, na jina likabaki.

Likizo iliyopita kijana anayemtaka dada yangu alimwandikia kwa Kiingereza kwamba atampa 'ring'. Mama alianza kuhesabu wageni. Mimi nilijua kuwa Mwingereza akisema hivyo huenda anaahidi kupiga simu tu. Dada akanikazia macho, nikanyamaza. Tangu siku ile simu imekwisha kulia mara nyingi.