Msaada kwa Mkulima Huonekana Siku ya Malipo

Zamani mgeni aliyepita Keroka au Nyansiongo hakukosa kuona mashamba ya pareto, maua yake meupe yakichumwa kwa mkono na kuanikwa juani juu ya mikeka. Siku hizi mgeni huyo huona zaidi chai, migomba na mahindi. Pareto haikumalizwa na ukame wala ugonjwa, bali na fedha zisizofika. Jambo hilo lastahili kufikiriwa na kila mtu atakaye kujua maana ya Serikali kumsaidia mkulima.

Wakati wa utawala wa Waingereza msaada haukuwa wa wote. Masetla walifunguliwa Benki ya Ardhi mwaka 1931 ili wapate mikopo, na mwaka 1942, wakati wa vita, wakahakikishiwa bei ya mazao yao. Mwaka huo huo Serikali ilianza kusimamia uuzaji wa mahindi, lakini gunia la Mwafrika lililipiwa fedha chache kuliko gunia la setla. Kahawa nayo ilikuwa mwiko kwa Mwafrika mahali pengi. Kisii, Meru na Embu ndizo zilizoruhusiwa kwanza kuijaribu katika miaka ya 1930, tena kwa masharti makali. Chai ya Kericho ilikuwa ng'ambo tu ya mpaka, mali ya makampuni makubwa, na Mkisii aliijua kwa kuichuma kwa ujira.

Mlango ulifunguka kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ulioitwa kwa jina la afisa wa Idara ya Kilimo aliyeuandika. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 5,000,000 kwa miaka 5. Ilikuwa Hali ya Hatari, na yafaa kusema wazi kwamba watawala walitumaini mkulima mwenye hati ya shamba na mazao ya fedha hatakuwa na haja ya kupigana. Hata hivyo, watu wa Kisii, ambao milima yao ina mvua na udongo mwema, waliitumia nafasi hiyo kwa bidii. Bwana Shamba alikuja na miche na mafundisho, na katika miaka michache kahawa, pareto na chai zikaanza kulipa karo za shule.

Tangu hapo mazao hayo yalifuata njia mbalimbali, na hapo ndipo penye somo. Kwa chai, shirika maalumu liliundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 likawa KTDA. Mkulima alipewa miche na mbolea kwa mkopo, gari likaja kuchukua majani karibu na kwake, na deni likakatwa kidogo kidogo katika mauzo. Alilipwa sehemu kila mwezi, na nyingine, iitwayo bonasi, mwisho wa mwaka. Mwaka 2000 shirika likawa kampuni ya wakulima wenyewe. Manung'uniko hayakukosekana, hasa kwamba bonasi ya upande huu ni ndogo kuliko ile ya mashariki ya Bonde la Ufa. Lakini mtu aliyelipwa mwezi uliopita hang'oi mche wake mwezi huu.

Pareto nayo ilikuwa na Bodi yake, ambayo kwa sheria ndiyo iliyonunua maua yote na kuyapeleka kiwandani Nakuru. Kwa miaka mingi mpango huo ulifaa, na Kenya ikaongoza dunia nzima kwa zao hilo. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, kwanza miezi, baadaye miaka. Mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumwendea. Aling'oa pareto, akapanda kitu anachoweza kula. Wakati huo Australia ilikuwa ikiongeza mashamba yake na kulichukua soko. Mwaka 2013 sheria mpya ilifungua mlango kwa wanunuzi wengine, lakini wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Mbolea ya bei nafuu yafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2022 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa mwenye shamba dogo. Lakini mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa mbolea ya kweli. Bei nafuu haimfaidii aliyepanda mahindi juu ya mchanga, kwa maana msimu ukipita haurudi.

Basi zao jipya litangazwapo barazani, mkulima na aulize mambo matatu: nani atanunua, atalipa lini, na asipolipa nani atajibu? Naye karani aandikaye kilo katika kitabu cha mkulima ajue kwamba yeye ni sehemu ya msaada huo, kwa kuwa tarakimu ikiandikwa vibaya, au hundi ikilala mezani, kazi ya miaka mingi huharibika. Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika Kisii na Nyamira, deni la pareto liliwafunza watu kwamba mkulima husahau hotuba upesi, lakini siku aliyorudi nyumbani mikono mitupu haisahau kamwe.