Kiuno Huanzia Magotini: Tunavyofundishana Ngoma ya Harusi Huku Chapwa



Leo tunawaletea habari za huku mbali, Chapwa, kata iliyo pembezoni mwa mji wa Tunduma, mkoa wa Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Ukivuka mpaka tu uko Nakonde, Zambia. Sisi ni wanawake saba: watatu wa Unguja, wawili wa Pemba, mmoja wa Tanga na mmoja wa Lindi. Kilichotuleta ni riziki za waume zetu. Wengine wana biashara za mpakani, wengine ni mawakala wa forodha, na mmoja ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tulijuana kwenye darsa la akina mama, tukawa ndugu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri, darsa likishakwisha na kahawa ikishanyweka, tunafunga mlango, tunajifunga kibwebwe na kufundishana kucheza.

Ndiyo, kucheza. Kukata kiuno, kama walivyocheza bibi zetu uani, wanawake kwa wanawake.

Tulianza kwa sababu binti wa mmoja wetu aliposwa, na harusi ikapangwa Mfungo Mosi. Kwetu visiwani binti akiposwa hutafutiwa somo, mwanamke mzima mwenye siri, amfundishe usafi, mapishi, adabu za ndoa na ngoma ya wanawake. Huku somo yuko wapi? Bibi yake binti, ambaye ndiye angeifanya kazi hiyo, alishatangulia mbele ya haki. Binti akawa anajifunza peke yake kwenye simu usiku. Siku moja mama yake akamkuta analia. "Mama, mimi sina mwili wa hivyo. Hawa hawana mifupa."

Mama akatuletea neno hilo darsani. Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu kidogo alichokishika kutoka kwao, mmoja mguu, mwingine wimbo, mwingine namna ya kupiga upatu. Hakuna aliyekuwa na vyote. Mwenzetu wa Lindi akasema, "Mama mkwe wangu yuko nyumbani. Alikuwa kungwi."

Ngoma iliyorudi ilikotoka

Tunamwita Bi Mkubwa. Umri umeenda lakini mgongo umenyooka kama mwanzi. Siku ya kwanza wenzetu wa Unguja walikuwa na wasiwasi, wakidhani ngoma yake itakuwa ngeni kwao. Alipoanza kupiga dumu la maji, wakaanza kuitikia. Ulikuwa mdundo wanaoujua.

Si ajabu. Unyago wa Unguja ulitoka bara. Wanawake wa bara, wengi wao wakiwa wameletwa visiwani utumwani, walikuja hawana chochote mkononi, lakini ngoma walikuja nayo mwilini. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, ila mafunzo yale yalibaki, yakachanganyika na maisha ya Kiislamu ya kisiwani, yakawa yetu. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Wanawake wa Unguja walimjua pia kama mwalimu wa unyago, aliyepiga ngoma na kuwafunda mabinti kwa miaka mingi. Leo sisi wa kisiwani tumekaa kwenye mkeka Chapwa, tunafundwa na bibi wa Lindi. Deni limerudi kwa mwenyewe.

Mwenzetu wa Tanga yeye alikuja na chakacha, ngoma ya harusi inayochezwa sana Mombasa na Lamu. Mapigo yake huenda kwa tatu-tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na kiuno kinayafuata. Siku hizi utaiona hata kwenye majukwaa ya hoteli mbele ya watalii, lakini asili yake ni ya wanawake harusini.

Je, inafaa?

Mmoja wetu aliuliza swali hili kabla hatujaanza, na alifanya vyema. Hatutaki kuingia kwenye jambo kwa sababu tu linafurahisha.

Tunajua kuwa wanazuoni wametofautiana kuhusu kucheza. Wapo wanaolikataza na wapo wanaoliruhusu kwa masharti. Tunajua pia kuwa katika hadithi sahihi mabinti wawili waliimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Sayyidna Abubakar alipowakemea, Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia awaache. Na dufu kwenye harusi limekuja katika sunna. Tulimpelekea ustadhati wetu suala letu, akatupa masharti: wawe wanawake watupu, sitara ya kitovu hadi goti ibaki, nyimbo zisiwe na matusi, sala isipite, na asiwepo wa kusimulia nje.

Sharti la mwisho ndilo alilolikazia. Akatukumbusha kuwa Mtume amemkataza mwanamke kumsifia mumewe mwili wa mwanamke mwenziwe mpaka ikawa kama anamtazama. Kama kusimulia kwa mdomo kumekatazwa, vipi kamera?

Kikapu cha mlangoni

Hapa inabidi tuseme jambo zito, kwa idhini ya mwenyewe.

Mmoja wetu, kabla hajahamia huku, alicheza kwenye harusi ya jamaa yake, chumba cha wanawake, milango imefungwa. Mtu akarekodi. Asubuhi yake picha ile ilikuwa kwenye makundi ya simu, na kabla ya Adhuhuri ilikuwa imemfikia mumewe akiwa safarini. Hakuvaa vibaya. Hakufanya lolote baya. Lakini ilibidi ajieleze mbele ya wakwe kama mshitakiwa, na ndoa ilisimama kwenye uzi kwa miezi. Tangu siku hiyo harusini alikuwa anakaa karibu na mlango, buibui halivuki mabega, na wenzake wakimwita kucheza anasema kichwa kinamuuma.

Jumamosi za mwanzo alikuja akakaa hivyohivyo. Hatukumvuta. Tukaweka kikapu cha ukili nje ya mlango, kila simu inaingia humo imezimwa, ya mwenye nyumba ikiwa ya kwanza. Mwenye mtoto mgonjwa au mume safarini anaacha namba ya jirani. Wiki ya nne akainuka kupiga upatu. Wiki ya sita akavua buibui akasimama mstarini na sisi. Bi Mkubwa hakusema kitu, aliongeza tu mapigo.

Kwa hiyo, mabibi harusi, kama mtachukua neno moja tu kwetu, chukueni hili. Kabla ya kufikiria nguo na nyimbo za siku yenu, fikirieni kikapu. Mwekeni mtu mzima mlangoni anayeogopwa, na kadi za mwaliko ziseme mapema kuwa simu haziingii. Aliyecheza mbele yako amekupa amana.

Mambo tuliyojifunza mwilini

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Tunawaandikia kama tunavyoambizana mkekani.

*Pasha mwili moto.* Tunduma iko juu, na Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Mwili wa baridi ni kama unga usiokandwa. Tunaanza kwa kutembea hapohapo, kuzungusha mabega, kupanda na kushuka kwenye vidole vya miguu, dakika kumi hivi.

*Magoti kwanza.* Hili ndilo lililomfuta binti yetu machozi. Yeye alikuwa anasukuma kiuno kwa nguvu za mgongo, akiamka asubuhi hawezi kuinama. Bi Mkubwa akamwambia, "Mwanangu, kiuno hakina akili. Akili iko magotini." Simama miguu peku, nyayo zipishane kwa upana wa nyonga, magoti yalegee. Kunja goti la kulia kidogo, nyonga ya kulia inashuka yenyewe. Badilisha. Fanya polepole, kisha ongeza. Hapo kiuno kinakwenda na wewe hujakisukuma.

*Tia saa sakafuni.* Kwa mzunguko, jione umesimama katikati ya saa ya ukutani iliyolazwa chini. Mbele yako ni saa sita, kulia saa tisa, nyuma saa kumi na mbili, kushoto saa tatu. Peleka kiuno kituo kimoja kimoja, tulia, endelea. Vituo vinne vikikaa sawa, viunganishe. Zunguka pande zote mbili, kwani kila mtu ana upande wake mvivu.

*Mabega yatulie.* Kunja kanga, iweke kichwani. Ikianguka, mabega yanacheza badala ya kiuno. Anayeshindwa ashike nguzo ya kitanda au fremu ya mlango kwa mikono miwili, juu kutulie, chini kuende. Siku chache tu utaiachia nguzo.

*Kibwebwe mahali pake.* Kifunge chini ya mfupa wa nyonga, fundo pembeni. Kikiwa juu kinabana pumzi, na anayekufundisha haoni unachofanya.

*Imba.* Ukishindwa kuitikia wimbo, umebana pumzi au umekwenda mbio kuliko mwili wako. Punguza.

*Linda mgongo.* Usibinue makalio nyuma kutafuta sifa. Vuta kitovu ndani kidogo, kama mtu anayefunga zipu. Uchovu wa misuli siku ya pili ni wa kawaida. Maumivu makali ya kiungo, au yanayoshuka mguuni, ni ya kuacha na kwenda hospitali.

*Mzazi asiharakishe.* Arubaini ikishatoka si kwamba mwili umeshapona wote. Aliyejifungua kwa upasuaji amuulize daktari kwanza. Na yeyote anayevuja mkojo akiruka au akicheza asione haya kusema. Jambo hili huwapata wengi baada ya uzazi, na yapo mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ambayo mkunga au daktari wa mazoezi atakuelekeza.

Na ule mlingoti wa kwenye simu?

Binti yetu alitaka kujua pia kuhusu wale wanawake wanaocheza juu ya mlingoti wa chuma. Tulimjibu bila kumkemea. Watu kupanda nguzo kwa mazoezi ni jambo la zamani. India, jimbo la Maharashtra, kuna mallakhamb, mazoezi ya viungo juu ya nguzo ya mbao inayopakwa mafuta ya mbarika, na leo mabinti wanashindana pamoja na wavulana. Ule mlingoti wa chuma nao una shirikisho lake la kimataifa, lililoundwa mwaka 2009, linalousimamia kama mchezo.

Akauliza mbona hawajavaa. Mbali na mambo ya vilabu vya usiku, ipo sababu ya ufundi: ngozi tupu hukamata chuma, kitambaa huteleza. Basi ukitaka kuujifunza, sitara inakuwa mtihani hata mbele ya wanawake wenzako, na ukiteleza ni shingo. Bi Mkubwa alitazama kwa makini kabla simu haijarudi kikapuni. "Huyu habebwi na chuma," akasema. "Kabebwa na tumbo lake na mikono yake. Kafanya kazi huyu." Binti akanyamaza, kisha akarudi mstarini kufanya magoti yake.

Tuliona amepata jibu alilokuwa analitafuta. Wale wa kwenye simu wana mifupa kama yetu. Wana miaka ya mazoezi ambayo simu haiionyeshi.

Kwa nani tunacheza?

Jumamosi moja binti aliuliza, "Hivi vyote ni kwa ajili ya mume?" Sote tulicheka, lakini Bi Mkubwa hakucheka. Akamwambia mume ana haki yake, na mengine ya chumbani atamwambia sikioni wakibaki wawili. Ila mwanamke anayeujua mwili wake hujua pia pale anapoumwa, pale alipochoka, na pale anapotakiwa kusema hapana au subiri. Mwari aliyefundwa haendi kwenye ndoa kama mgeni ndani ya ngozi yake mwenyewe.

Sisi tuliolewa zamani tulilisikia neno hilo kama tumeambiwa sisi. Mmoja ana watoto watano na alikuwa hajajitazama kwenye kioo kwa uzuri tangu wa tatu. Mwingine mumewe huwa barabarani wiki tatu katika nne. Nje malori yanaunguruma kwenda mpakani, ndani dumu linalia, na kwa saa moja hakuna anayetuita mama fulani.

Harusi ni Mfungo Mosi, inshallah. Kikapu kimeshafumwa kingine, kikubwa zaidi, na aliyejitolea kusimama nacho mlangoni ni yule mwenzetu aliyerekodiwa. Amesema akimaliza kukusanya simu atafunga mlango, ampe mtu mwingine ufunguo, kisha aingie kucheza.

Mwombeeni bi harusi wetu dua, Allah amjaalie mume mwema, mapenzi na huruma baina yao, na kizazi chema. Na nyinyi mlio mbali na kwenu, tafuteni wenzenu. Katika kila mji mna Bi Mkubwa mmoja amekaa kimya, anangoja kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.