Majina ya Utitiri wa Upele

Maradhi huonekana kabla ya mwenye kuyaleta. Watu walimwona mbuzi akijisugua ukutani, ngamia akinyonyoka manyoya, na mbwa akijikuna usiku kucha; wakayaita maradhi hayo upele au ukurutu, wakadhani wamekwisha kuyajua. Kumbe aliyeyaleta ni utitiri ambao jike lake halizidi nusu ya milimita. Udogo wake ulikuwa ngome yake ya kwanza. Ngome ya pili ilikuwa kukosa jina.

Habari zake ni za kale. Katika karne ya 12 Ibn Zuhr, tabibu wa Andalusia, alieleza viumbe wadogo sana watokao hai ngozi inapobanduliwa. Mwaka 1687 Giovanni Cosimo Bonomo, akisaidiana na Diacinto Cestoni huko Livorno, Italia, alimtazama kiumbe huyo kwa hadubini, akaeleza sura yake, akasema kuwa ndiye asili ya upele. Waganga wengi hawakusadiki. Walishikilia kuwa upele ni uchafu wa damu; wakatibu damu, na utitiri ukaendelea kuchimba.

Kosa la jina likaongeza kosa la tiba. Carl Linnaeus wa Sweden, aliyewapanga viumbe katika kitabu chake cha mwaka 1758, aliutia utitiri wa unga na utitiri wa upele katika jina moja, Acarus siro. Charles De Geer, wa nchi ile ile, aliutenga mmoja na mwingine mwaka 1778, lakini mchanganyiko ulikwisha kuenea. Mwaka 1812 Galès wa Paris alitangaza kuwa ameuona utitiri wa upele. Picha yake ikaja kujulikana kuwa ni ya utitiri wa jibini. Waliotafuta wasione wakakata shauri kuwa kiumbe huyo hayuko. Hatimaye, mwaka 1834, Simon François Renucci, mwanafunzi wa udaktari kutoka Corsica, alimtoa kwa ncha ya sindano mbele ya madaktari wa Paris. Ustadi huo hakuupata chuoni. Aliuona kwa wanawake wa kisiwani kwao. Elimu iliyopotea katika vitabu ilikuwa imehifadhiwa katika vidole vya watu wa shamba.

Sasa koo za utitiri huu zinajulikana. Utitiri ni jamaa ya kupe, buibui na nge: mkubwa ana miguu minane, ingawa mtoto atokaye katika yai ana sita. Sarcoptes huchimba handaki katika ngozi na kutaga humo. Notoedres, ndugu yake, humsumbua paka kichwani na masikioni. Knemidocoptes huijaza miguu ya kuku magamba mazito. Psoroptes hachimbi, hukaa juu ya ngozi ya kondoo na kuifanya itoe majimaji yanayoganda. Chorioptes hupenda miguu ya ng'ombe na farasi, na Otodectes masikio ya mbwa na paka. Mtazamaji huwapambanua hata kwa kikonyo cha mguu: cha Sarcoptes ni kirefu kisicho na pingili, cha Psoroptes ni kirefu chenye pingili tatu, na cha Chorioptes ni kifupi. Mbali na hawa yuko Demodex, mwembamba mrefu, akaaye katika vishimo vya nywele; naye ni wa ukoo mwingine kabisa.

Mtu aweza kuuliza pingili ya mguu usioonekana yamfaa nini mfugaji. Jibu li katika nyumba yenye mbwa aliyenyonyoka. Kama ni Demodex, mbwa aliupata kwa mama yake siku za kunyonya, na watoto wa nyumba hawana la kuogopa. Kumfukuza au kumwua ni dhuluma. Kama ni Sarcoptes, waweza kumrukia mtu na kumwasha kwa muda, na mbwa wengine wamo hatarini; kungojea ni uzembe. Kwa macho matupu mbwa hawa wawili hufanana. Jina ndilo linalokata hukumu. Kondoo nao ni ushahidi: Uingereza iliutokomeza upele wao mwaka 1952 kwa kuwaogesha dawa, kwa kuwa Psoroptes hukaa mahali dawa inapofika, mwaka 1973 ulirudi, ukaonyesha kuwa ushindi haulindwi kwa usingizi.

Wala elimu ya majina haijafunga mlango. Zamani Sarcoptes wa kila mnyama alipewa jina lake, wa nguruwe mbali na wa mbuzi mbali. Mwaka 1968 Alex Fain, Mbelgiji aliyefanya kazi katika Kongo na Ruanda-Urundi, alilinganisha maumbo yao, akahukumu kuwa wote ni namna moja yenye kubadilika. Hata hivyo wa mbwa hauwezi kukaa na kuzaana kwa mtu kama ukaavyo kwa mbwa. Umbo lasema ni mmoja, maisha yasema ni wengi, na mwenye elimu hana budi kuzisikiliza kauli zote mbili.

Wahenga walisema kuwa upele humwota asiye na kucha. Mbuzi hana kucha za kujikunia, wala ulimi wa kueleza kinachomwasha. Kucha zake ni elimu ya mtu anayemfuga, na elimu hiyo huanza kwa kumwita adui kwa jina lake.