Kutopea na Kukwamuana: Mbio za Matope Mtaani Kayole

Wahenga walinena kwamba mcheza na tope humrukia. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa anayeandamana na waovu. Hata hivyo, kwa sisi tuliolelewa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, onyo hilo lina upungufu mmoja: linachukulia kwamba mtu huliendea tope kwa hiari yake. Kwetu sisi, msimu wa masika, tope ndilo humwendea mtu, likamfuata mlangoni na kuingia naye ndani.

Hali hii ina sababu zake, ndugu msomaji. Upande wa magharibi wa jiji letu ni miinuko yenye udongo mwekundu unaopitisha maji upesi. Upande wa mashariki ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hunyonya maji, ukavimba na kunata, kisha wakati wa kiangazi ukapasuka nyufa. Enzi ya ukoloni Wazungu walijitengea miinuko hiyo, nao Waafrika wakatengewa mashariki. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940. Hata baada ya uhuru, mradi wa makazi wa Dandora, ulioanza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kukusudiwa kutoa viwanja takriban 6,000, uliwekwa upande uo huo. Kwa hakika, tope la Nairobi halikugawiwa wananchi kwa usawa.

Kwa hivyo, vijana wa mtaa wetu wa Kayole walipotangaza masika yaliyopita kwamba wangeandaa mbio za matope na vikwazo, wengi waliangua kicheko. Wazo lenyewe si geni ulimwenguni. Nchini Uingereza mbio za Tough Guy zilianza mwaka wa 1987, na huko Marekani zile za Tough Mudder zikaanza mwaka wa 2010. Watu hulipa fedha nyingi ili wachafuke, kisha hurejea kwao wakaoga maji moto. Kiingilio chetu kilikuwa shilingi 100, nazo fedha zilikusudiwa kununua changarawe ya kumwaga kwenye njia iendayo shule ya msingi. Nilijiandikisha, ingawa sikuwa nimewahi kushiriki mashindano yoyote ya mbio tangu nijiunge na chuo.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilipita kwa mama mmoja auzaye mboga karibu na kwetu. Alihamia Kayole baada ya chumba chake kando ya Mto Mathare kusombwa katika mafuriko ya mwaka wa 2024. Mafuriko hayo yaliwaua zaidi ya watu 200 nchini, na serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame. Aliposikia habari za mbio, alikiweka chini kisu alichokuwa akikatia sukumawiki.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi tope limenilia nyumba. Wewe unalilipa shilingi mia ili ucheze nalo?"

"Nimekusikia, mama," nikamjibu. Sikuwa na jingine la kusema. Nililala na swali lake.

Asubuhi tulikuwa washiriki sitini hivi. Njia ilikuwa ya kilomita 5 na vikwazo 12. Tuliruka matairi makuukuu ya matatu, tukaparamia ukuta wa mbao, tukabeba magunia ya mchanga. Palipotandazwa kamba shubiri chache juu ya tope, tulitambaa kwa vifua, maana ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kufikia hapo viatu vyangu vilikuwa vizito kama mawe, na kila hatua tope lilinidai kiatu.

Nikiwa pale nilimkumbuka Amos Biwott. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968 alishinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, naye alikuwa akiruka juu ya maji yote asilowe miguu. Mbio hizo zina viunzi 28 na maji mara 7, na kuanzia mwaka wa 1984 hadi 2016 hakuna taifa jingine lililotwaa dhahabu yake ya wanaume katika Olimpiki. Wakenya tumezoea kumsifu anayekipita kikwazo bila kukigusa. Kayole hapakuwa na namna hiyo. Kila aliyetaka kupita alilazimika kuzama kwanza.

Kikwazo cha kumi kilikuwa mkokoteni uliopakiwa madumu 10 ya maji, yaani takriban kilo 200. Tuligawanywa vikundi vya watu wanne. Kundi letu lilikuwa na kinyozi, mwendeshaji bodaboda, msichana aliyemaliza kidato cha nne, na mimi. Tulisukuma hatua chache, gurudumu likazama hadi ekseli. Kadiri tulivyovuta ndivyo lilivyozidi kudidimia. Nyuma yetu makundi mengine mawili yalikuwa yamekwama vivyo hivyo.

Mzee mmoja auzaye maji mtaani alikuwa miongoni mwa watazamaji. Alivua viatu, akaingia.

"Vijana, tope halivutwi kwa hasira," akasema. "Inueni kwanza. Leteni gunia tupu mlitandike mbele ya gurudumu."

Tulifanya alivyosema, lakini wanne hatukutosha kuinua. Ndipo msichana yule alipowaita wa nyuma. Watu 12 tukainua mkokoteni mmoja, tukautoa, tukarudi kwa wa pili, kisha wa tatu. Kanuni ilitaka kila kundi lijitegemee, lakini waandalizi walitazama tu. Makundi yote matatu yalifika mwisho pamoja, na hakuna aliyeuliza nani alitangulia.

Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba kitenzi "kutopea" kina maana mbili. Aliyetopea amezama katika tope. Aidha, aliyetopea katika elimu ameifikia kina chake. Mzee yule alikuwa ametopea kwa maana zote mbili. Miaka yake ya kusukuma maji ilikuwa ni chuo, ingawa hatukuwa tumewahi kumwita mwalimu. Hali kadhalika, lugha yetu haikuishia kwenye "kukwama". Ilitupa "kukwamua", ikatupa na "kukwamuana", neno ambalo mtu mmoja hawezi kulitenda peke yake. Nimelinyambua neno hilo darasani mara nyingi. Siku ile nililitenda.

Je, swali la mama lilijibiwa? Fedha zilizopatikana zilinunua changarawe, nasi tukaimwaga wenyewe kwa mikono. Juma lililofuata mama alipita juu yake akiwa na kapu lake la mboga, akasimama, akaikanyagakanyaga.

"Ni nzuri," akasema. "Na mtaro je?"

Alisema kweli. Changarawe isiyo na mtaro wa kuondoa maji humezwa na udongo mweusi baada ya misimu michache, nasi hatuwezi kukimbia mbio kila mwaka ili kulilisha tope. Kuchimba mtaro ni jukumu la wenye mamlaka. Kwa hivyo vijana walinijia, mimi niliye mwanafunzi wa Kiswahili, wakaniomba niandike barua kwa ofisi husika. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi niliiandika kwa Kiswahili sanifu, nikaisoma kwa sauti mbele ya kibanda cha mama ili kila mtu aelewe anachotia sahihi. Mzee muuza maji alituomba tuongeze upana wa mtaro, akatuonyesha kwa mikono. Mama alitia sahihi wa kwanza.