Injini Ikizimika Angani



Gari likizimika katika mlima wa kwenda Kayanga, dereva hukanyaga breki. Abiria hushuka, wakatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Je, injini ya helikopta ikizimika angani, jiwe litawekwa wapi?

Nakuuliza kwa sababu vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa wana akili ya ufundi. Huko Tunduma, fundi mmoja wa magari alianza kuunda helikopta yake mwenyewe. Karibu mwaka 2020 habari zake zilienea nchini. Katika kijiji ninachokihudumia yupo kijana anayetaka kufanya vivyo hivyo. Sitaki kumvunja moyo. Wala sitaki kwenda kumzika.

Helikopta ndogo za kujiundia zipo. Huko Marekani viwanda huuza vipande vyake, mnunuzi akaviunganisha nyumbani. Baadhi zimeanguka baada ya injini kuzimika.

Injini ikizimika, mapanga ya juu hayasimami papo hapo. Fikiri juu ya baiskeli. Ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka. Helikopta inaposhuka, upepo unaotoka chini huyazungusha mapanga. Lakini rubani lazima ayalaze mapanga hayo mara moja. Mapanga mepesi hupoteza mwendo upesi. Ana sekunde moja au mbili tu. Akiwa juu kiasi cha mti mrefu, naye haendi mbele, ni vigumu sana kujiokoa.

Injini huzimika kwa nini? Mara nyingi ni kwa mambo madogo. Mafuta yamekwisha. Waya umelegea. Maji yameingia katika petroli. Kwa hiyo rubani mwangalifu hutoa mafuta kidogo tangini kabla ya kuruka, akayatazama katika chombo cheupe cha kuonyesha. Maji hukaa chini, petroli hukaa juu. Nawe mwenye pikipiki, tazama hivyo hivyo petroli ya chupa unayonunua. Fanya hivyo mbali na moto.

Kijana fundi, usiruke kwa siri. Chombo cho chote cha kubeba watu angani lazima kwanza kifikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Urubani nao hufundishwa na mwalimu.

Wazazi, msimcheke kijana wenu. Mpeni kazi ya kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa. Hiyo ikizimika, hakuna anayeanguka.