Aliyebaki Nkwenda

Ukitoka Bukoba kwenda Karagwe unapita Kyaka, kisha barabara inaanza kupanda milima. Miaka kadhaa iliyopita tulipita hapo watu wanne katika gari moja: mimi, mwalimu mwenzangu wa muda mrefu, mtafiti kijana na dereva. Tulikuwa tunakwenda Karagwe na Kyerwa kuwahoji wakulima wa kahawa kuhusu butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa.

Wenzangu niliwachagua mwenyewe. Nilitazama shahada, uzoefu na bajeti ya posho. Sikujiuliza nani huamka mapema, nani huchagua chakula, nani anaweza kunyamaza njiani bila kudhaniwa amenuna. Nikiwa ofisini mambo hayo yalionekana madogo. Kabla hatujafika Omurushaka yalikwisha kuwa makubwa. Mwenzangu alitaka kusimama kila penye watu, anunue ndizi, aulize hali, atafune akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hukaribishwa nazo. Mimi nilitazama saa. Kijana aliketi katikati yetu akijifanya amelala.

Tulilala Nkwenda, na usiku ule mwenzangu akashikwa na homa kali. Asubuhi vipimo vilionyesha malaria. Siku hiyohiyo wakulima walikuwa wanatusubiri Murongo, mpakani na Uganda. Nilimwachia dawa, maji na namba ya simu, nikamwambia tutarudi jioni. Mvua ikanyesha, gari likakwama kwenye tope, tukarudi siku ya pili mchana.

Tulimkuta ameketi kibarazani. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekesha naye na kumpikia uji, ilhali hakuwa akimfahamu hata kidogo. Mwenzangu aliniuliza swali moja tu: “Kikao kilikwendaje?” Lau angenilaumu, ningejitetea. Kwa swali lile sikuwa na utetezi.

Karagwe inalifahamu jambo hili tangu zamani. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika huko Bweranyange wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke alikuwa ametoka katika safari nyingine iliyoishia kwa uhasama: mwaka 1858 alimwacha Richard Burton Tabora akiwa mgonjwa, akaenda kaskazini na kuliona ziwa peke yake, nao wakagombana hadi mwisho. Safari hii alimchagua Grant, rafiki yake tangu jeshini India. Lakini Grant aliugua vidonda vya mguu, na wajumbe wa Kabaka Mutesa walipokuja Januari 1862, Speke alikwenda nao Buganda. Grant alibaki kwa Rumanyika miezi mitatu na zaidi, hata alipoondoka akabebwa kwa machela. Julai mwaka huohuo Speke aliuona mto ukitoka ziwani, na Grant hakuwapo.

Grant hakumlaumu hadharani. Aliendelea kumtetea hata baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Historia imeshughulika mno na swali la nani aliuona mto kwanza. Mimi siku hizi namfikiria zaidi Rumanyika, mwenyeji aliyemtunza mgonjwa wa watu, na wale waliobeba machela, ambao wengi wetu hatujui hata jina la mmoja wao.

Sisemi kwamba kila safari isimame mtu akiumwa. Wakulima wale nao walikuwa wameacha mashamba yao wakitungoja. Lakini ningeweza kumtuma kijana Murongo, au kumwacha kijana abaki na mgonjwa. Sikufikiria lolote kati ya hayo, kwa sababu nilikuwa nimeunda msafara wa kukamilisha kazi tu. Ndivyo tunavyounda pia kamati zetu, vyama vyetu na ofisi za umma: tunatafuta wenye uwezo wa kufika, bila kuuliza nani atabaki na atakayeshindwa kutembea.

Kule Murongo wakulima walitueleza kwamba anayeuza kwa butura si mjinga. Ni mtu aliyepatwa na shida, mtoto mgonjwa au ada ya shule, siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumsubiri hadi mavuno. Niliyaandika maneno hayo daftarini kwa makini, wala sikumkumbuka aliyelala Nkwenda. Taarifa yetu ilisifiwa. Haikuwa na sentensi hata moja kumhusu.

Tangu hapo tulisalimiana vizuri kwenye korido, lakini kila nilipomwalika safarini alikuwa na udhuru. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwake, nikamwomba radhi, nikamweleza kuwa nakusudia kurudi Karagwe na ningependa twende pamoja. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema atalifikiria, kwa sharti moja: anayeamua tusimame wapi asiwe mimi.

Nimekubali. Sasa namsubiri.